MASOMO NA KAZI YA WAKILI WA ARDHI NA MIRATHI

(Maneno ya walimu mbele ya mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Dzaleka)



Kamati ilituomba sisi walimu tuchague kazi moja ya kisomi, tuwaeleze vijana mtu anaifikia kwa njia gani na inamsaidia nani. Tulipotaja kazi tuliyoichagua, wajumbe wengine walicheka. Walisema: wakili wa ardhi na mirathi! Mkimbizi ana ardhi gani? Ana mirathi gani, zaidi ya sufuria mbili na kadi ya chakula? Hatukuwalaumu, kwani nasi tulikuwa tukisema vivyo hivyo, mpaka siku tulipokosea. Kosa lenyewe ni letu, na ndilo lililotufanya tuchague mada hii, kwa hiyo tutaanza nalo.

Wengi wenu mnajua kwamba baadhi yetu tulikuwa tukikaa Kauma, mjini Lilongwe, upande ule wa mabwawa ya maji machafu ya mji. Tulipanga vyumba, na jioni tulifundisha watoto wa wakimbizi kusoma na kuhesabu. Sifa ya mwalimu ugenini ni kalamu yake. Mtu akitaka barua ya kwenda ofisini, anakuja. Akitaka kumjibu ndugu aliyehamishiwa Marekani au Australia, anakuja. Tuliandika barua nyingi, nyingine za mapenzi, na hizo hatutazitaja.

Mwaka 2021 alikuja mzee mmoja wa Uvira aliyekuwa akiuza usipa sokoni. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Alituambia: "Walimu, ninyi mna kalamu. Mimi sijui kuandika. Niandikieni wosia wangu kabla sijafa." Tukawasha taa, tukaandika. Yeye akasema, nasi tukapanga maneno kwa Kiswahili kizuri cha chuo cha ualimu, kurasa mbili. Kiwanja chake cha Uvira, pamoja na nyumba ya matofali, alimwachia kijana wake mkubwa. Mzee alibandika dole gumba. Mashahidi wakatia saini: mmoja wetu, na kijana mkubwa mwenyewe. Tuliiweka karatasi katika mfuko wa plastiki ili mvua isiiguse, tukaona tumefanya kazi ya watu wazima.

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Kijana alikusanya nauli, akaenda na ile karatasi mpaka Uvira. Alimkuta baba yake mdogo ameishapangisha nyumba na anatafuta mnunuzi wa kiwanja. Akatoa wosia. Baba mdogo naye hakutoa panga wala matusi, akamleta avoka. Avoka alisoma kurasa zetu mbili kwa muda mfupi sana, akauliza maswali matatu. Mkono huu ni wa nani? Shahidi huyu wa pili si ndiye anayerithi? Kiwanja kinachosemwa humu ni namba ngapi, kinapakana na nani? Kijana hakuwa na jibu hata moja. Akarudi kwetu Malawi akiwa na karatasi ileile katika plastiki ileile.

Ndugu zetu, sisi tulisoma chuo cha ualimu. Tunajua kupanga somo, tunajua kuandika ubaoni bila kupinda mstari. Lakini yale maswali matatu hakuna mwalimu aliyetufundisha. Ndipo tulipoanza kuulizauliza: huyu anayejua maswali hayo, amesoma wapi, na kwa muda gani?

Kwanza tulinganishe majina, kwani hapa kambini tumechanganyika. Sisi wa Kongo na Burundi tunasema avoka. Watanzania na Wakenya wanasema wakili. Wenyeji wetu wa Malawi wanasema loya. Ni mtu yuleyule. Lakini si kila mwenye koti na mkoba ni mtu huyo, na hapo mbele tutalirudia jambo hili.

Baada ya mambo ya mwaka 2023 tulimpata wakili mmoja, mama wa hapa Malawi, aliyekubali kutusikiliza bila malipo. Tulimwomba atueleze njia aliyopita. Alisoma sheria Zomba, katika kile kilichokuwa Chansela Koleji, ambacho tangu 2021 ndicho Chuo Kikuu cha Malawi chenyewe. Alisoma miaka ya digrii, halafu akaapishwa mbele ya mahakama na jina lake likaingizwa katika orodha ya mawakili. Tulidhani hapo ndipo masomo yanapokwisha. Alicheka. Alisema hapo ndipo alipogundua kwamba hajui kitu, maana alipoingia katika ofisi ya mkubwa wake hakupewa kesi. Alipewa kazi ya kwenda kwenye daftari la ardhi, kufungua faili za watu na kusoma: kiwanja hiki kilikuwa cha nani, akamwuzia nani, nani alikopea pesa benki akakiweka rehani, nani alikufa na warithi wake hawakujulikana. Siku baada ya siku, vumbi na karatasi. Alisema wakili wa jinai anajifunza kusema, lakini wakili wa ardhi anajifunza kusoma.

Maneno hayo yalitugusa sisi walimu, kwani nasi tulijifunza kazi kweli siku tulipowekwa mbele ya watoto 80, mkaguzi amekaa nyuma na daftari lake.

Katika nchi nyingine njia ni hiyohiyo, ila hatua zinatofautiana. Kwetu Kongo, mwenye digrii ya sheria anayetaka kuwa avoka huingia kwenye chama cha mawakili kama mwanafunzi wa kazi, na kwa miaka 2 hukaa chini ya avoka mzee. Jambo hilo limewekwa na sheria ya mwaka 1979. Kenya, baada ya chuo kikuu, kuna Shule ya Sheria ya Kenya na miezi ya kutumika chini ya wakili mwenye uzoefu. Tanzania, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo cha sheria kabla ya kingine chochote, sasa wahitimu hupita pia katika Shule ya Sheria iliyoanza kufundisha 2008. Marekani mtu husoma kwanza digrii ya jambo lolote, halafu miaka 3 ya sheria, halafu anafanya mtihani wa jimbo lake. Wakili wa jimbo la Texas hawezi tu kuamka asubuhi akaenda kutetea watu Ohio. Tunawaambia haya kwa sababu baadhi yenu mnatumiwa karatasi na ndugu walioko huko, zimegongwa muhuri na wakili wa huko, mkidhani zitamtoa mtu kwenye kiwanja cha Bukavu. Muhuri una nchi yake, kama noti.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Yule mama wakili aliisoma, akatuambia jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema: "Sheria ya Kongo sikuisomea. Naweza kuwaambia ya Malawi tu." Hakuona aibu kulisema. Sisi tulioandika kurasa mbili bila kuisomea sheria ya nchi yoyote tuliona aibu kwa niaba yake.

Ya Malawi aliyotuambia ni haya. Hapa kuna sheria ya mwaka 2011 ya wosia, mirathi na ulinzi wa mali ya marehemu. Iliondoa ile ya zamani ya 1967. Mtu mwenye miaka 18 na akili timamu anaweza kuandika wosia. Uwe wa maandishi, autie saini mbele ya mashahidi wasiopungua 2, nao watie saini mbele yake. Ushauri wake ni kwamba shahidi asiwe yule anayeachiwa mali, wala mume au mke wake. Mtu akifariki, hakuna anayeruhusiwa kugawa mali kwa nguvu zake. Lazima msimamizi atambuliwe kwa njia ya sheria. Na kunyang'anya mjane na yatima mali ya marehemu, jambo ambalo wengine wanaliita desturi, hapa Malawi ni kosa la jinai. Hili la mwisho tungependa wanaume wa mkutano huu walisikie mara mbili.

Kwa upande wa Kongo tulisaidiwa na mzee mmoja wa hapahapa kambini, aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya vita. Jina lake hataki litajwe. Alituketisha chini ya mwembe, akatufundisha kama watoto wa darasa la tatu.

Alianza na ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ya Kongo ni mali ya taifa. Mtu hana udongo. Ana haki ya kuutumia aliyopewa na serikali, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mtunza hati za ardhi. Cheti hicho kikitimiza miaka 2 bila kupingwa, ni vigumu sana kukitikisa. Halafu akatuuliza: "Nani kati yenu, au wazazi wenu, ana cheti hicho?" Tulitazamana. Wengi wetu tunachokijua ni karatasi ya mauzo iliyotiwa saini na mkuu wa mtaa na majirani wawili. Akasema hiyo si takataka, ni mwanzo wa ushahidi, lakini si cheti. Wakili wa ardhi kazi yake ya kwanza ni kuujua umbali uliopo kati ya karatasi hizo mbili, na kumsaidia mtu kuuvuka.

Kisha akaingia kwenye wosia. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyofanyiwa marekebisho 2016, inakubali wosia wa aina tatu: ule unaofanywa mbele ya ofisa mwenye mamlaka, ule ambao mtu ameuandika wote kwa mkono wake mwenyewe, akaweka tarehe na saini, na ule wa mdomo, kwa mtu aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi. Basi tazameni kosa letu. Mzee wetu hakuandika kwa mkono wake, tuliandika sisi. Hakukuwa na ofisa. Wala hatukuuweka kama wosia wa mdomo. Kwa hiyo kule Uvira kurasa zetu hazikuwa wosia wa aina yoyote kati ya hizo tatu. Na hapa Malawi je? Hapa mtu anaweza kuandikiwa, lakini shahidi wetu mmoja ndiye mrithi. Tulikuwa tumejenga nyumba nusu huku, nusu kule, na katikati hakuna ukuta.

Tulimwuliza mzee karani: mtu wa hapa kambini, anayekaa Malawi na kiwanja chake kiko Kongo, afanye nini? Akafikiri sana. Akasema, kama anajua kuandika, na auandike wote kwa mkono wake mwenyewe, aweke tarehe na saini, ili ufae kwa jicho la kule. Na papo hapo awe na mashahidi wawili wasiorithi, wanaomwona akitia saini nao watie, ili ufae kwa jicho la huku. Kisha amwonyeshe wakili. Na asiyejua kuandika asiende kwa mwalimu. Aende mbele ya ofisa au wakili. Alisema hilo huku akitutazama.

Lakini sasa ndugu zetu, lipo jambo lililotushangaza kuliko yote. Tulidhani kwa kuwa karatasi imeanguka, watoto wa mzee wamepoteza. Karani akasema hapana. Wosia ukianguka, sheria ndiyo inayogawa. Kwa Kanuni ya Familia, watoto wa marehemu ni daraja la kwanza, nao wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki ni ya daraja la pili, yaani mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na kaka na dada zake. Makundi hayo matatu yakiwapo yote, kila moja linapata sehemu moja ya 12. Tena mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa na mumewe. Kwa hiyo yule baba mdogo si mwizi kabisa. Ni mrithi. Ila ni mrithi wa kipande kidogo, pamoja na ndugu zake wengine, na hana mamlaka ya kuuza kiwanja cha watoto wa kaka yake.

Na watoto wanagawana sawa, wa kiume na wa kike.

Hapo tulinyamaza. Kwa sababu mzee wetu alikuwa na binti wawili. Walikuwa wanafunzi wetu wa jioni pale Kauma, wanakaa benchi la pili. Usiku ule tulipokuwa tukiandika kwa Kiswahili kizuri, hatukuuliza habari zao. Karatasi yetu ilimpa kijana kila kitu. Kama ingesimama, tungekuwa tumewaandikia wanafunzi wetu wenyewe umaskini, kwa mkono wetu, na kutia saini chini. Mtu aliyesomea kazi hiyo angeuliza mapema: una watoto wangapi, majina yao yote, na mama yao yuko wapi? Si kwa sababu ana huruma kutuzidi. Ni kwa sababu amefundishwa kwamba mtu asiyetajwa ndiye atakayekuja mahakamani.

Jambo la binti na ardhi si la Kongo peke yake. Tanzania ipo kesi maarufu ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mama mmoja wa Kagera, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa wa ukoo akaenda mahakamani akisema mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilianzia mahakama ya mwanzo, ikapanda ya wilaya, ikafika Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Wosia wa baba ulikuwa halali, lakini hukumu ile ilisimama juu ya Katiba.

Na msidhani elimu peke yake inamwokoa mtu. Nairobi kulikuwa na wakili mkubwa, S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake Wambui alitaka kumzika karibu na Nairobi, akisema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe kwao Siaya. Kesi iliendelea kwa miezi mitano, Kenya nzima inasoma magazeti, mwili uko mochwari. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilitoa ushindi kwa ukoo, akazikwa Nyalgunga. Mashahidi wa mjane walisema walimsikia Otieno akieleza matakwa yake kwa mdomo. Kwa maandishi hakuacha. Wakili! Ile ilikuwa kesi ya maziko, si ya mali, lakini kila mwanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki anaisoma.

Wakimbizi wenzetu wa Rwanda na Burundi wataona tumeegemea Kongo mno. Kweli, tumeegemea tunakokujua. Lakini nanyi mna jambo ambalo wakili wa ardhi aliyesomea wakimbizi angewaambia kwanza, nalo ni muda. Katika mapatano ya Arusha ya Rwanda, itifaki ya tarehe 9 Juni 1993 ilipendekeza kwamba mkimbizi aliyetoka nchini zaidi ya miaka 10 asidai tena ardhi iliyokaliwa na wengine, bali serikali impe nyingine. Burundi, sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki mtu aliyekaa juu ya ardhi miaka 30, na aliyekaa kwa nia njema miaka 15. Hesabuni: aliyekimbia 1972 alitimiza miaka 30 mwaka 2002. Mapatano ya Arusha ya Burundi ya Agosti 2000 yalisema wakimbizi warudishiwe mali au wafidiwe, na tume ya ardhi ikaundwa 2006. Nyumba nyingi zilikuwa tayari na watu wengine ndani yake, waliozaliwa humo, wasio na kosa. Mwaka 2005 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa kanuni za kurudisha nyumba na ardhi za wakimbizi, zinazoitwa kwa jina la Paulo Sérgio Pinheiro wa Brazili. Ni maneno mazuri, lakini si sheria ya nchi yoyote mpaka nchi iyafanye kuwa sheria. Kambi yetu hii ilifunguliwa 1994. Saa inakwenda hata tukiwa tumelala.

Na hapa Malawi je, tuna ardhi? Tuseme wazi, maana mashirika wako hapa na wanajua. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, lakini iliweka masharti yake juu ya vifungu kadhaa, kikiwamo cha 13, kinachohusu haki ya mkimbizi kumiliki mali. Sisi hatukuja kubishana na wenyeji wetu, waliotupokea nao wenyewe wakiwa na mashamba madogo. Tunasema tu kwamba anayekuuzia "nyumba" hapa kambini anakuuzia kuta na bati. Udongo si wake wala hautakuwa wako, hata akuandikie nini. Lakini kifungu cha 16, cha mkimbizi kufika mahakamani, hakikuwekewa sharti, wala mkataba hauruhusu kiwekewe. Milango hiyo ipo.

Tulisema tutarudi kwa wenye makoti na mikoba. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka, na mwezi Mei msako ukaanza Lilongwe. Sisi wa Kauma tulitoka na tulichoweza kubeba. Wengi walikuwa wamelipa kodi ya miezi mitatu mbele bila risiti, wengine waliacha mabati, vitanda, hata mashine za kushonea. Wiki ile ile akatokea mtu mwenye tai, akisema ni loya, akikusanya pesa kwa kila familia ili "afungue kesi". Alitoa risiti yenye muhuri wa rangi nyekundu. Hatukumwona tena. Tulipomsimulia mama wakili, aliuliza: "Mlimwomba leseni ya mwaka huu?" Kumbe hapa Malawi wakili lazima awe na leseni, na inatolewa upya kila mwaka. Diploma ya ukutani ni ya zamani, leseni ndiyo ya leo. Hatukujua hata kwamba swali hilo lipo. Ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria, iliyowekwa na sheria ya 2010, ni kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa. Mtu aanzie huko, au kwa mashirika, kabla ya kuanzia kwa mwenye tai.

Vijana, mliotuuliza kama mkimbizi anaweza kuisomea kazi hii: masomo ni marefu, ada ni kubwa, na kupata kibali cha kuifanya kazi hiyo ugenini ni mlima mwingine. Hatutawadanganya. Lakini kazi ya chini yake, ya kujua kusoma karatasi, kutafuta jina katika daftari, kuandika mpaka wa kiwanja bila kukosea, hiyo inaanzia kwenye madarasa tunayofundisha. Tumeishaanza kuwapa wanafunzi wa darasa la nane zoezi: mwulize mzazi, chora kiwanja cha nyumbani, andika jirani wa kaskazini, wa kusini, wa mashariki, wa magharibi. Wazazi wawili walikuja shuleni kulalamika kwamba tunachochea siri za nyumba. Wengine kumi walikuja kuomba nakala.

Na kijana wa mzee wetu? Amepata cheti cha kifo cha baba yake, kilichochukua miezi. Dada zake wametajwa katika barua iliyopelekwa kwa avoka wa Uvira, sasa kwa majina yao matatu-matatu. Mwenye nyumba jirani, mzee wa miaka mingi, amekubali kuwa shahidi wa mipaka. Baba mdogo hajauza. Wala hajatoka.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tutakuwa chini ya mwembe wa shule pamoja na mzee karani. Leteni karatasi zenu, hata zilizoliwa na panya. Sisi hatutaandika wosia wa mtu tena. Tutanakili namba, majina na mipaka katika daftari moja, na Kamati italifungia kabatini. Wenye leseni ndio watakaofanya mengine, na tumewaomba mashirika watuletee mmoja kabla ya mvua kuanza. Msisahau majina ya mabinti.